Nasaha kwa Wanaume juu ya Damu Itokayo Nyuma

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akampa tumbo la kutia chakula na njia ya kukitoa, na katika yote mawili akamwekea neema asiyoijua ila siku inapomwondokea. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyewafunza umati wake kila jambo, hata adabu za kwenda haja, na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Yako maradhi ambayo mwanamume huyabeba mwaka na zaidi bila ya kumwambia mtu, si kwa kuwa hayaumi, bali kwa kuwa mahali pake hapatajwi. Maradhi hayo ni saratani ya utumbo mpana na ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo iliyofuatana na tupu ya nyuma. Wala si maradhi ya nadra. Katika hesabu ya ulimwengu mzima ya mwaka 2022, walioonekana nayo walizidi milioni 1.9, na waliokufa kwayo walipita 900,000. Na katika saratani zote ni moja tu, ile ya mapafu, iliyoua watu wengi kuliko hii. Na ajabu yake ni kwamba katika saratani kubwa, hii ni miongoni mwa zile chache ambazo tabibu aweza kuziwahi kabla hazijawa saratani.

Na uchukuliwe mfano wa mtu mmoja, fundi wa majahazi, mwenye miaka 52, mtu wa safu ya mbele msikitini. Wa mfano wake pwani si mmoja wala si wawili, na kila mtaa utamjua wake.

Fundi huyu aliona damu chooni siku moja baada ya sala ya alfajiri, damu kidogo, nyekundu. Akasema moyoni mwake: hii ni bawasiri, na baba naye alikuwa nayo. Akaacha pilipili. Akaenda duka la dawa, akasimama pembeni mpaka wanunuzi wote wakaondoka, ndipo akaomba dawa ya kupaka kwa sauti ya chini, wala muuzaji hakumwuliza neno. Damu ikakatika wiki mbili, kisha ikarudi. Mkewe hakuambiwa. Ulipofika mwezi wa nne choo chake kikabadilika: siku tatu hapati, na siku ya nne chaja chembamba kama kidole cha mtoto, na kila atokapo huona kama kwamba hakumaliza. Akapungua mwili, watu wakamwambia apunguze kazi. Akawa achoka kwa kupanda tu jahazini. Akaandikiwa kombe, akalinywa; na kombe halikumdhuru, wala halikumkataza kwenda hospitali, lakini yeye aliliweka mahali pa hospitali. Ulipotimia mwaka na nusu tumbo likafunga kabisa, akachukuliwa usiku kwa gari, na madaktari walipompasua wakakuta uvimbe umeuziba utumbo na maradhi yamekwisha kufika kwenye ini. Mwaka mwingine haukutimia ila amekwisha kuzikwa.

Na yule baba aliyesemwa kuwa alikuwa na bawasiri, hakuna aliyejua alikufa kwa nini. Ilisemwa tu kuwa ni tumbo.

Mwenye kutaka kumlaumu fundi huyu na asifanye haraka. Alikuwa na haya, na haya ni sifa njema. Imepokewa kuwa ni tawi katika matawi ya imani. Lakini wanavyuoni wametenga baina ya haya na kile kifananacho na haya kwa sura tu. Haya ni ile imzuiayo mtu na ubaya. Ama ile imzuiayo kuuliza jambo lililo lazima kwa dini yake au kwa uhai wake, hiyo wameiita udhaifu na unyonge, ijapokuwa watu huiita kwa jina lile lile.

Na itazamwe namna dini yenyewe ilivyofunzwa. Washirikina walimcheka Salman al-Farisi kwamba Mtume wao awafundisha kila kitu hata kwenda choo. Salman hakutahayari. Alikiri kuwa ndivyo, kisha akaanza kuwahesabia mafunzo yenyewe, na yale mawe matatu ya kustanji yakiwa ndani yake. Sayyidna Ali alikuwa akitokwa sana na madhii, naye akaona haya kumwuliza Mtume, kwa kuwa Bibi Fatima binti wa Mtume ndiye mkewe. Hakunyamaza. Alimtuma al-Miqdad bin al-Aswad amwulizie, na jawabu ikarudi, na mpaka leo watoto wa vyuoni huisoma hukumu ile. Haya yake ilibaki mahali pake, na swali likaulizwa. Asiyeweza kusema kwa kinywa chake, basi njia hii aliiona kwa mtu aliye bora kuliko yeye.

Na zaidi ya hayo ni khabari ya Imran bin Husayn. Sahaba huyu alikuwa na bawasiri, maradhi yale yale ambayo mwanamume wa leo hawezi kuyataja mbele ya daktari. Alimwuliza Mtume asali vipi. Akaamrishwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Basi kila mgonjwa asaliye leo juu ya kitanda, awe ana homa au amevunjika mguu, asali kwa hukumu iliyopatikana kwa swali la mtu mwenye bawasiri. Lau Imran angalinyamaza kama fundi wa majahazi, watu wangaliitafuta hukumu ile kwa taabu.

Tena mtoto wa pwani asomaye Safinat an-Naja, kitabu cha Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami, hajabaleghe naye amekwisha kuhifadhi masharti ya kustanji kwa mawe: idadi yake ni ngapi, na najisi isiwe imekauka, wala isiwe imehama mahali pake. Huyasoma kwa sauti barazani, na apitaye njiani asikia, wala mwalimu hamkatazi. Mtoto huyo huyo akifika miaka 50 akawa hawezi kumwambia tabibu kuwa atokwa na damu nyuma, ni dhahiri kuwa kitabu chake cha kwanza amekisahau.

Wako wasemao kwamba tupu haifunuliwi ila kwa mke. Nusu ya neno hili ni kweli. Imamu Nawawi katika Minhaj, baada ya kubainisha uharamu wa kutazama na kugusa, amevua katika uharamu huo mambo ya kutoa damu, kupiga chuku na kutibu. Na wenye kukisherehesha kitabu wakaeleza mipaka yake: kinachofunuliwa kiwe kwa kadiri ya haja, na mwanamume atazamwe na mwanamume madamu apatikana. Asiyempata mwanamume mwenye ujuzi wa kazi hii hakufungiwa mlango. Na katika hospitali mgonjwa wa namna hii hulazwa kwa ubavu, naye amefunikwa shuka au amevishwa vazi lenye upenyo nyuma. Basi kinachoonekana ni kidogo kuliko adhanivyo mwenye khofu. Muosha maiti ataona zaidi ya hapo.

Ama maradhi yenyewe, aghlabu hayazuki ghafla. Katika ngozi laini ya ndani ya utumbo mpana huota kinyama kidogo mfano wa chunjua. Vingi katika vinyama hivi havidhuru maisha. Vichache hukua polepole, kwa miaka 10 au zaidi, mpaka kimoja kikageuka kuwa saratani, na muda wote huo mwenyewe hahisi kitu. Ala chakula chake, afanya kazi yake, asali sala zake. Hapa ndipo ifahamikapo faida ya kujipimisha mtu akiwa mzima. Kinyama kikionekana kabla hakijageuka hukatwa kwa chombo kile kile kilichokiona, wala tumbo halipasuliwi. Kazi hii ilianza katika mji wa New York mwaka 1969, kwa mikono ya Hiromi Shinya na William Wolff. Ikiwa kimekwisha kugeuka lakini maradhi hayajatoka nje ya utumbo, hesabu za Marekani zaonyesha kuwa katika watu 100 kama 90 huwa hai baada ya miaka 5. Na ikiwa yamekwisha kufika mbali, kwenye ini au mapafu, hawafiki 20. Baina ya hesabu hizi mbili hakuna, kwa wagonjwa walio wengi, ila muda. Na muda huo ndio fundi wa majahazi aliouacha upite kwa dawa ya kupaka.

Vipimo vyake si vingi. Cha kwanza ni cha kinyesi. Mtu hupewa kichupa chenye kijiti ndani ya kifuniko chake. Nyumbani kwake, chooni mwake, hukichoma kijiti kile katika kinyesi, akakirudisha na kukifunga, kikapelekwa kutafutwa damu isiyoonekana kwa macho. Hapana tupu iliyofunuliwa, wala mkono wa mtu, wala uchungu. Katika jimbo la Minnesota huko Marekani walikusanywa watu 46,551 wa miaka 50 mpaka 80 na kugawanywa mafungu. Wale waliopimwa kinyesi kila mwaka, vifo vyao vya saratani hii vilipungua kwa thuluthi, na khabari yake ikatangazwa mwaka 1993. Na kipimo cha siku zile kilikuwa hafifu kuliko cha leo. Uingereza tangu mwaka 2006 yaendesha mpango wa kuwapelekea watu kipimo hiki majumbani kwa posta kila baada ya miaka miwili, na watu wa pwani waliohamia huko, wafikapo umri wake, huletewa kama wengine. Imesikiwa kuwa wako wanaokitupa bila ya kukifungua kwa kuona kinyaa. Nao ni watu ambao kila siku hustanji kwa mkono wa kushoto.

Cha pili ni mpira mrefu mwembamba, wenye taa na kamera kichwani, ambao tabibu huutia kwa nyuma akautazama utumbo mpana wote mpaka mwanzo wake. Kabla yake mtu hunywa dawa ya kuharisha mpaka tumbo likawa tupu, na wengi husema kuwa dawa ile ndiyo taabu kubwa kuliko mpira wenyewe. Wakati wa kutiwa hupewa dawa ya kumtuliza au ya kumlaza usingizi. Si kazi isiyo na khatari kabisa: mara chache utumbo hutoboka au hutoka damu, na haifai mgonjwa afichwe jambo hilo. Lakini ikiwa utumbo umeonekana safi, aliye mtu wa kawaida hahitaji tena mpaka miaka 10 ipite.

Umri wa kuanza, kwa asiye na dalili wala jamaa mgonjwa, madaktari wa Marekani walikuwa wakiuweka miaka 50. Mwaka 2021 baraza lao la vipimo likauteremsha mpaka 45, kwa kuwa walioonekana nayo kabla ya miaka 50 walikuwa wakizidi. Na hapa yataka tahadhari. Umri huu ni wa mzima. Mwenye kuona damu, au choo chake kikabadilika kwa wiki kadha bila ya sababu, au akapungua mwili asijue kwa nini, au akaambiwa damu yake imepungua hali yeye ni mwanamume hana jeraha, huyo hangoji miaka 45 wala hangoji kichupa. Huyo aenda kwa tabibu akatazamwe, hata akiwa na miaka 30. Ni kweli kwamba damu nyingi za namna hii huwa ni bawasiri, na nyingine huwa ni za kuhara kwa amiba. Lakini bawasiri haimzuii mtu kuwa na saratani juu yake, na rangi ya damu haisemi itokako. Ajuaye ni aliyetazama.

Haifichiki kuwa katika Afrika ya Mashariki chombo cha kamera hakipatikani kila mji, na gharama yake ni nzito kwa mvuvi na kwa mchukuzi. Jambo hili ni la kweli, na mwenye kuwahubiria maskini juu yake bila ya kulitaja awaonea. Lakini fundi wa majahazi hakuzuiwa na gharama. Alizuiwa kabla ya kuijua gharama ni kiasi gani. Na kule kutazamwa kwa mara ya kwanza, tabibu akamwuliza maswali na kumpima puru kwa kidole kilichovaa mpira, ni jambo liwezekanalo katika hospitali ndogo, na baadhi ya uvimbe wa puru hujulikana hapo hapo. Jamaa wa msikiti ambao huchangishana kwa maziko ya mtu hawashindwi kuchangishana kwa kipimo chake.

Juu ya chakula, yako ya kusemwa, na sehemu yake yatoka karibu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akakaa karibu miaka 20, Lira kisha Kampala. Baadaye alikumbuka kuwa katika wagonjwa wake wa Kiafrika maradhi haya ya utumbo mpana hayakuwa yakionekana ila kwa nadra, hali Ulaya yalikuwa mengi. Mwaka 1971 aliandika kuwa sababu yaweza kuwa chakula: watu wale walikula nafaka zisizokobolewa sana, na kunde, na majani, na mihogo, choo chao kikawa kingi na chepesi, wala hakikukawia tumboni. Si yote aliyoyasema yaliyothibiti kama alivyoyasema, lakini asili ya neno lake imesimama. Mwaka 2015 zikatangazwa khabari za jaribio la kubadilishana chakula: watu 20 weusi wa Marekani wakalishwa chakula cha mashamba ya Afrika ya Kusini chenye makapi mengi ya nafaka na kunde, na watu 20 wa mashamba yale wakalishwa nyama na mafuta mengi kwa desturi ya Marekani. Ziliposhika wiki mbili tu, dalili za khatari ndani ya utumbo wa wale wa kwanza zilikuwa zimepungua, na za hawa wa pili zimezidi.

Na mwanamume wa pwani wa leo, akiwa mjini, hahitaji kupelekwa Marekani ili abadilishiwe chakula. Mtama na uwele wa wazee wake ameviacha, mbaazi azila siku za Ramadhani, mchicha auona ni chakula cha wagonjwa. Asubuhi ala mkate mweupe, mchana chipsi, jioni mishkaki, na watoto wake awanunulia soseji. Mwaka huo huo wa 2015 wakala wa Shirika la Afya la Ulimwengu ushughulikao na saratani ulihukumu kuwa nyama zilizotengenezwa, kama soseji, zasababisha saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu kwa jumla ikatiwa katika fungu la vinavyodhaniwa sana kufanya hivyo. Halali yake haikuondoka. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi ni halali mpaka Kiyama. Kinachosemwa ni kadiri. Sigara nayo imo katika sababu, na unene, na kukaa barazani mchana kutwa bila ya kwenda kwa miguu. Pombe pia imo, na hukumu yake haina haja ya tabibu. Lakini mtu asidanganyike kuwa akila mtama amepata kinga kamili. Wako waliokula vizuri wakaugua, na kwa hao hakuna ila kipimo.

Liko neno jingine ambalo watu hulitoa wakidhani ni imani: kwamba ajali imekwisha kuandikwa, basi kujipimisha kuna maana gani? Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, akapata khabari ya tauni iliyoingia huko, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama akimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alimjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia apataye bonde lenye majani na lisilo majani. Na Mtume mwenyewe aliamrisha watu wajitibu. Mwenye kusema neno hili la ajali na aulizwe kama jahazi lake huliziba kabla halijavuja au baada yake.

Lililo zito kuliko yote haya ni haki ya jamaa. Saratani hii baadhi ya mara hufuata damu ya ukoo. Mtu ambaye babake, mamake, nduguye au mtoto wake aliugua nayo, khatari yake huzidi ya wengine, na madaktari humtaka aanze kutazamwa kwa kamera afikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao yule jamaa alionekana nayo, ule utanguliao katika hizo mbili. Basi mgonjwa anayewaficha watoto wake na ndugu zake jina la maradhi yake, na watu wa nyumbani wanaosema kuwa marehemu alikufa kwa tumbo tu, hawakumsitiri marehemu. Wamewazuilia walio hai jambo ambalo lilikuwa haki yao. Aliyekufa kwa maradhi ya tumbo imepokewa kuwa ana daraja ya shahidi. Fedheha iko wapi hata ifichwe? Kuunga jamaa si kupelekeana sahani za Idi peke yake.

Fundi wa majahazi aliacha ndugu wawili wa kiume. Mkubwa ana miaka 57. Mdogo ana miaka 44, ni mwuza samaki, hana damu wala dalili yoyote. Daktari aliyempasua marehemu aliwaita wote wawili akawaambia wazi jina la maradhi, na kwamba wote umri wao umekwisha kufika. Mkubwa alisema ataangalia. Mdogo alikaa na neno hilo miezi mitano, na ulipoingia mwezi wa Ramadhani akamtuma mpwawe, kijana wa miaka 19, kwa mwalimu mmoja wa chuo akamwulizie masala yake, kwa kuwa yeye mwenyewe aliona haya.

Akajibiwa kwamba kipimo cha kinyesi hakifunguzi saumu, na kushika najisi kwa haja kama hii kwajuzu, kisha mtu akanawa mkono. Lakini na achunge asiingie katika sala hali kichupa kimo mfukoni mwa kanzu, hata kikiwa kimefungwa barabara, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi'i mwenye kubeba najisi katika sala sala yake haisihi. Wengi hulisahau hilo wakipita msikitini njiani kwenda hospitali. Ama mpira wa kamera, kuingia kwake nyuma kwafunguza saumu, na dawa ya kuharisha inywewayo mchana kadhalika. Ikiwa tabibu mwaminifu asema kuwa kungoja wiki chache hakudhuru, kama ilivyo kwa mtu mzima asiye na dalili, basi na angoje Ramadhani ipite. Ikiwa asema kuwa katika kukawia kuna khatari, ataacha saumu ya siku hiyo na kuilipa.

Na sala za siku ya dawa ya kuharisha ni kwamba aitazame nafasi tumbo litulizapo ndani ya wakati, asali hapo. Asipopata nafasi wakati wote, hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya daima: hungoja wakati uingie, akastanji, akajifunga kitambaa, akatawadha, akasali fardhi yake bila ya kukawia, na kila fardhi kwa udhu wake. Kukusanya sala mbili kwa ajili ya maradhi si kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu, ingawa Imamu Nawawi aliiona ina nguvu, na aliye katika dhiki akiifuata halaumiwi. Dawa ya usingizi ikimwondolea fahamu, udhu wake umetanguka. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Kijana akarudi na majibu hayo yameandikwa kwenye karatasi. Mwuza samaki ameandikiwa siku hospitali: Jumatano ya pili ya Mfungo Mosi, saa mbili ya asubuhi. Mpwawe ndiye atakayemchukua, kwa kuwa aliyepewa dawa ya usingizi hana ruhusa ya kurudi nyumbani peke yake. Nduguye mkubwa bado hajaenda kuandikisha jina lake.